Kable Ndefu Inakula Picha

Mvula ya kwanza ikianguka mu mwezi wa 10 ao wa 11, mafundi wa antene katika miji yetu ya mashimo wanapata kazi mingi. Huku wanaitwa, kule wanaitwa. Likasi, Kolwezi, Kipushi, Fungurume, habari ni ileile: "Shene zimepotea. Jana zilikuwa, leo haziko." Na mwenye nyumba karibu kila mara ana jibu lake tayari. Mmoja anasema setilaiti imeharibika. Mwingine anasema dekodere imezeeka. Wa tatu anaenda kununua parabole kubwa zaidi, na feza anazotoa ni zile mama alizochunga kwa minervali ya watoto.

Kuna kitu kimoja ambacho karibu hakuna mtu anakitazama. Ni kable, ile kamba nyeusi ao nyeupe inayotoka ku antene, inapita juu ya manjanja, inaingia ku dirisha, inafika ku televizyo. Bei yake ni ndogo, basi haina heshima. Mtu atachagua televizyo kwa siku tatu, lakini kable atasema tu: "Nipe ile ya bei ya chini, metre zinazotosha." Mwezi huu tunataka kuongea juu yake, zaidi juu ya urefu wake, kwa sababu urefu huo umekula feza katika nyumba nyingi, na katika nyumba mbili ninazozijua ulikaribia kuua ujirani.

KINACHOTOKA JUU

Setilaiti za televizyo zinakaa juu ya mstari wa Ekwateri, mbali na sisi kilometre karibu 36.000. Kwa sababu sisi wa Katanga tuko chini ya Ekwateri, parabole zetu zinaangalia upande wa kaskazini, na zinainua uso juu sana. Fungu moja la shene linatumwa kutoka kule kwa nguvu ya wati 100 hivi, zaidi kidogo ao pungufu kidogo. Wati 100! Ni sawa na ile taa ya zamani tuliyokuwa tunafunga mu salo. Na taa hiyo inapaswa kuangazia inchi nyingi kwa mara moja. Kile kinachoanguka mu lupango yako ni kidogo mno, hata hakuna mfano wa kutosha.

Parabole haiongezi kitu. Kazi yake ni ya beseni: inakusanya. Kile ilichokusanya inakitupa mbele, mahali penye kile kidude ambacho mafundi wanakiita tete, ndiyo kichwa cha antene. Huyu tete ndiye mfanyakazi mkubwa. Anapokea mawimbi ya kati ya megahezi 10.700 na 12.750. Mawimbi ya namna hiyo yangeingizwa ndani ya kable ya nyumba, yangekufa kabla ya kufika ku dirisha. Basi tete anayashusha mpaka kati ya megahezi 950 na 2.150, anayaongeza nguvu mara mamia ya maelfu, kisha anayaachilia ndani ya kable.

Vijana wanaopenda hesabu wanaweza kujua kila shene inapita ndani ya kable kwa frekansi gani. Tete wengi wa leo wanatoa 9.750 ku shene za chini, na 10.600 ku shene za juu. Shene ikiwa 10.950 kule angani, ndani ya kable inakuwa 1.200. Ikiwa 11.700, inakuwa 1.100. Lakini ikiwa 12.600, inakuwa 2.000. Andika zile namba pembeni, tutazirudilia.

KABLE YENYEWE

Ukikata kable kwa kisu utaona nyumba yenye vyumba vinne. Katikati kuna uzi mmoja. Kando yake kuna povu nyeupe ya plastiki. Juu ya povu kuna karatasi ya kung'aa na wavu wa nyuzi ndogo ndogo. Inje ni ngozi. Uzi wa katikati ndio unachukua sinyali, na ule wavu unazuia kelele za inje zisiingie na sinyali ya ndani isitoke. Kwa sababu uzi na wavu viko na kitovu kimoja, wataalamu waliiita kable ya koaksiale. Mwingereza Oliver Heaviside aliiandikisha mwaka 1880. Kisha, mu 1929, Lloyd Espenschied na Herman Affel wa kule Marekani wakaitengeneza ginsi inavyofaa kwa simu nyingi na televizyo. Si kitu kipya, basi.

Baba zetu wengine wanaoshuka chini ya udongo wanamjua ndugu yake. Katika mashimo mengi ya dunia, radio haisikiki chini kwa sababu jiwe linakula mawimbi. Wanapitisha kable ya koaksiale kando ya njia, ile ambayo wavu wake umeachwa wazi kwa makusudi, ili sinyali ivuje kidogo kidogo na radio za watumishi ziikamate. Na kila metre mia kadhaa wanatia amplifikatere, maana wanajua vizuri: kable yoyote inakula.

INAKULA NGAPI?

Mafundi wanapima njaa ya kable kwa desibeli. Usiogope hilo neno. Kumbuka vitu viwili tu: ukipoteza desibeli 3, nguvu inabaki nusu, ukipoteza desibeli 10, inabaki moja ku kumi. Kwa hiyo ukipoteza 30, inabaki moja ku elfu.

Sasa, ile kable ya kawaida ya setilaiti, inayoandikwa RG-6 ku ngozi yake, inapoteza karibu desibeli 20 kwa metre 100 wakati frekansi ni 950. Lakini wakati frekansi inapanda mpaka 2.150, inapoteza 30 na kitu. Ile nyembamba ya zamani, RG-59, iliyotengenezwa kwa antene za kawaida, inapoteza karibu 40 huko juu. Ile nene, RG-11, inapoteza karibu 20 tu, lakini ni ngumu kuipinda na bei yake inatisha.

Tuhesabu pamoja. Nyumba yenye metre 10 za RG-6: kwa shene za juu umekwisha kupoteza nusu. Metre 20: inabaki robo. Metre 50: inabaki sehemu 1 ku 30 hivi. Metre 100: 1 ku elfu, ao chini yake.

Hapa mtu ataniuliza: "Baba Pastere, ikiwa ku metre 20 nimekwisha kupoteza sehemu tatu ku nne, juu ya nini picha yangu ni safi?" Ulizo ni zuri sana, na hapo ndipo watu wengi wanapotea njia.

NGUVU NA KALITE

Fungua ukurasa wa sinyali mu dekodere yako. Utaona mistari miwili. Mmoja unaonyesha nguvu, mwingine unaonyesha kalite. Watu wanachanganya hii miwili sawa vile wanachanganya sauti kubwa na mahubiri mazuri.

Tufikiri kanisa lenye mikro. Mhubiri akiongea karibu na mikro, sauti inaingia safi. Mtu akipunguza sauti ku mashini, sauti ya mhubiri inashuka, lakini kelele za watoto zilizoingia ku mikro zinashuka pia pamoja naye. Bado unamsikia vizuri, kwa sababu kipimo kati ya sauti yake na kelele hakikubadilika. Lakini mhubiri akisimama mbali na mikro, hata ukipandisha mashini mpaka mwisho, utapandisha sauti pamoja na kelele, na hakuna atakayesikia neno.

Parabole na tete ndio mikro. Pale ndipo kalite inapoamuliwa: parabole imeelekezwa sawasawa ao hapana, ni kubwa ya kutosha ao hapana, tete ni mzuri ao mzaifu. Kable iko nyuma ya mikro. Inashusha yote pamoja. Kwa hiyo metre 20, hata metre 30 za kable nzuri, hazigusi kalite karibu hata kidogo. Nguvu inashuka, kalite inabaki. Dekodere inaweza kupokea sinyali kubwa na sinyali ndogo, nafasi yake ni pana.

Lakini nafasi hiyo ina sakafu. Kable ikiendelea kuwa ndefu, kunafika mahali sinyali inazama ndani ya kelele za dekodere yenyewe. Hapo kalite inaanza kushuka, na haishuki polepole. Mu miaka ya 1990 tulikuwa na televizyo zinazoonyesha theluji: picha inazeeka, inakuwa na madoadoa, lakini mpira ulionekana na kipa ulimjua. Televizyo ya dijitali haina huruma hiyo. Leo picha ni safi, kesho inakatika vipande vya mraba, kesho kutwa kioo ni cheusi na maneno ya kusema hakuna sinyali. Kati ya picha nzuri na giza kuna hatua moja tu.

Na shene zinazokufa kwanza ni zipi? Rudilia zile namba. Shene ya 2.000 ndani ya kable inaliwa zaidi kuliko shene ya 1.100. Kwa hiyo kable ndefu haiui shene zote kwa siku moja. Inachagua. Inaondoa zile za juu, inaacha zile za chini, na mwenye nyumba anafikiri ni watu wa setilaiti wamemwondolea.

Mvula nayo inaongeza yake. Mawimbi ya frekansi hii yanazuiwa na matone makubwa, na mvula zetu tunazijua. Nyumba yenye kable fupi ina akiba: mvula inakula kidogo, picha inabaki ao inapotea dakika chache tu. Nyumba iliyokwisha kumaliza akiba yake ku kable, wingu likikuja tu, kwaheri. Kwa hiyo ni kweli shene zinapotea wakati wa mvula, lakini si mvula peke yake iliyozipoteza.

NYUMBA MBILI, PARABOLE MOJA

Nitaeleza sasa ile habari ya ujirani. Ni katika kambi moja ya zamani ya watumishi wa mashimo, nyumba za matofali mekundu, milango inaangaliana. Familia mbili za kanisa moja waliungana kununua parabole moja kwa kuona shene za bure, za mahubiri na za habari. Tete wao alikuwa na midomo miwili, kila nyumba na kable yake na dekodere yake. Parabole ilisimamishwa kwa Baba wa kwanza. Kable yake ilikuwa metre 8. Kable ya Baba wa pili ilizunguka lupango, ikafuata kibambazi cha choo, ikakwepa muti wa maembe, ikafika kwake nyuma ya metre 70 na kitu. Tena haikuwa kable moja. Zilikuwa vipande vitatu, vimesokotwa kwa mkono na kufungwa skochi.

Mwaka wa kwanza hakukuwa neno. Mwaka wa pili, mvula zilipoanza, nusu ya shene za Baba wa pili zikapotea. Kwa Baba wa kwanza, zote ziko. Basi maneno yakaanza. "Ni yeye anapindisha parabole usiku." "Anaona wivu sababu mtoto wetu alipata kazi ku kampuni." Watoto wakakatazwa kucheza pamoja. Mama mmoja akaacha kuimba mu koro, maana mwenzake alikuwa anasimama mstari mmoja naye. Siku moja ya Yenga, nyuma ya ibada, habari ikaletwa mbele ya wazee wa kanisa, na neno la uchawi lilikuwa limekwisha kutajwa.

Mzee mmoja, aliyetumika miaka mingi ku atelie ya umeme, aliuliza ulizo moja tu: "Parabole ni ngapi?" Wakajibu: moja. Akasema: "Basi, akiipindisha, na yeye anapoteza." Watu wakanyamaza. Kama mtu angegusa ile parabole, giza lingeingia ku nyumba zote mbili. Kitu kinachougua nyumba moja na kuacha nyingine kinapaswa kutafutwa mahali nyumba hizo zinapoachana, ndiyo kusema ndani ya kable.

Walimwita kijana wa chama cha vijana mwenye kipimio cha umeme. Hapa tunapaswa kueleza jambo ambalo watu wengi hawalijui: kable ya antene ina kazi mbili. Picha inashuka, lakini umeme unapanda. Tete hana waya mwingine wa kumlisha. Dekodere ndiyo inamlisha kwa njia ya uzi uleule wa katikati. Na chakula hicho ni lugha pia. Dekodere ikituma volti 13, inamwambia tete: nipe shene za upande wa wima. Ikituma volti 18, inamwambia: nipe shene za upande wa kulala. Tete anasikia tofauti hiyo na anageuka.

Kijana alipima ku dekodere ya Baba wa pili: volti 17 na zaidi kidogo. Akapanda ngazi, akapima mwisho wa kable, ku tete, wakati anatumika: 14 na kitu. Volti tatu zilikuwa zimebaki njiani, ndani ya uzi mwembamba na ndani ya zile nundo za skochi zilizokuwa zimekuwa kijani kwa maji. Tete alikuwa anaambiwa 18, yeye akasikia 13. Hakugeuka. Shene zote za upande wa kulala zikaonekana kama zimekufa, na zile za wima zikabaki, ijapo kwa uzaifu. Walipoziandika zile zilizopotea ku karatasi, zote zilikuwa za upande mmoja. Hakuna wivu unaochagua shene kwa namna hiyo.

Dawa haikuwa ya bei kubwa. Walinunua kable moja nzima, isiyo na nundo, yenye uzi wa mukuba mtupu. Wakakubaliana kuipitisha moja kwa moja juu ya nguzo mbili, mbali na nyaya za SNEL, badala ya kuzunguka choo na muti wa maembe. Metre 41. Shene zikarudi siku ileile. Yule mama alirudi mu koro nyuma ya miezi miwili, si mara moja. Volti zinarudi kwa haraka kuliko watu.

MUKUBA AO CHUMA?

Nimesema uzi wa mukuba mtupu. Hapa nina uchungu kidogo, mtanivumilia. Inchi yetu, mwaka 2024, ilichimbua zaidi ya tani milioni 3 za shaba. Watoto wetu wanazaliwa juu ya mukuba. Na ukienda ku soko kununua kable, unauzishiwa chuma kilichopakwa mukuba kama vile keki inapakwa sukari!

Lakini tuseme kweli yote. Kwa picha peke yake, kile chuma si udanganyifu. Mawimbi ya frekansi kubwa hayapiti ndani ya uzi mzima. Yanapita ku ngozi yake tu. Ku megahezi 1.000 yanaingia ndani ya mukuba sehemu 2 tu za elfu za milimetre. Chini ya ngozi hiyo kukiwa chuma, sinyali haijui hata. Ndiyo maana kwa metre 10 ao 15, kable hiyo ya bei ya chini inatosha, na simlaumu anayeinunua.

Ni chakula cha tete kinachoteseka. Umeme wa volti 13 na 18 unapita ndani ya uzi mzima, na chuma kinauzuia mara nyingi zaidi ya mukuba. Uzi wa mukuba mtupu wa RG-6 una omu 2 hivi kwa metre 100. Ule wa chuma kilichopakwa una karibu 10, tena wavu wake mara nyingi ni wa aluminiumu, nao unaongeza. Kwa hiyo kable mbili zinaweza kuwa na urefu mmoja, sura moja, namba moja ku ngozi, na moja inamlisha tete wakati nyingine inamfungisha bila kumwambia.

Namna ya kuzitambua? Vijana, tafuteni bafle ya zamani iliyopasuka, mtoe sumaku yake. Mkienda ku duka, ombeni kuchuna uzi kidogo. Sumaku ikiukamata, ni chuma. Isipoukamata, piga uzi kwa kisu: ikiwa ndani ni nyeupe, ni aluminiumu, ikiwa nyekundu mpaka moyoni, ni mukuba. Mwenye duka mzuri hatakasirika.

AMPLIFIKATERE, NUNDO NA MAJI

Mafundi wengine, wakiona kable ndefu, wanakimbilia kuuzisha amplifikatere, na wanaifunga nyuma ya televizyo kwa sababu hapo hawapandi ngazi. Ni kazi bure. Kule mwisho sinyali imekwisha kuzama, na amplifikatere inainua maji pamoja na aliyezama. Ikiwa inahitajika kweli, inafungwa juu, karibu na tete, mahali sinyali ingali nzima, sawa vile katika mashimo wanaifunga njiani mbele ya sinyali kuisha. Tena kumbuka, nayo inakula umeme wa ile kable. Kama tete alikuwa na njaa, umemletea mgeni mezani.

Kuna pia wanaosema kwamba kuzungusha kable iliyobaki kunatengeneza sumaku inayoharibu picha. Hapana. Lakini metre 25 zilizozungushwa nyuma ya kabati ni metre 25: sinyali inapita ndani yake zote, mzunguko kwa mzunguko. Kata, weka fishi mpya. Jambo linaloharibu kweli ni kupinda kable kwa nguvu ku kona ya dirisha mpaka povu ya ndani inabonyea, ao kuipiga musumari.

Nundo ya kusokota kwa mkono ni adui kuliko metre kumi. Mtu akipaswa kuunga, atumie fishi za visi za kweli pande zote mbili, na kabla ya kuifunga aangalie vizuri kama hakuna unywele mmoja wa wavu unaogusa uzi wa katikati. Unywele mmoja tu unatosha kumnyima tete umeme wote. Na kile kidude cha kugawanya sinyali kwa televizyo mbili kinapoteza desibeli karibu 4, sawa na metre 12 ao 13 za kable ku shene za juu. Watu wanakifunga bila kuhesabu.

Maji ndiyo mabaya kuliko yote. Kable iliyokunywa maji haikauki. Wavu unakuwa kijani, povu inalewa, na mbele kidogo utaona fundi anageuza parabole kutwa nzima, huku na huku, bila kujua ugonjwa uko ndani ya fishi. Funika fishi ya juu kwa raba yake ao kwa skochi ya umeme iliyozungushwa mara nyingi toka chini kwenda juu. Mbele kable haijaingia ku dirisha, iache ishuke chini kidogo kama tumbo, ili maji yadondoke pale na yasifuate njia ya kuingia mu nyumba. Ikikwisha kunywa, kata sehemu hiyo mpaka uone mukuba unang'aa. Usimhurumie.

Wazazi, neno moja juu ya vijana wanaopanda. Manjanja yenye maji yanateleza, na nguzo ya antene ya chuma inayoanguka juu ya waya wa umeme inaua mtu aliyeishika. Radi zetu za mwezi wa 11 tunazijua pia. Nguzo ya parabole ifungwe waya mnene unaoingia mu udongo, na wakati radi inapiga, chomoa dekodere ku umeme na ku kable. Hakuna kupanda siku ya mvula, hata kama ni mwisho wa kombe.

KUPIMA MBELE YA KUNUNUA

Kama unajenga ao unahama, anza na kable, kisha chagua mahali pa parabole. Watu wengi wanafanya kinyume: wanaweka parabole mahali pa kuonekana toka barabara, kisha kable inatafuta njia. Parabole haiombi uzuri. Inaomba tu kuona anga upande wake bila muti wala ukuta, na udongo usiotikisika. Ikiwa mahali hapo ni metre 12 toka ku televizyo, utasahau habari hizi zote za desibeli. Mpaka metre 30, RG-6 ya kweli inatosha bila wasiwasi. Kati ya 30 na 60, tafuta uzi wa mukuba mtupu, bila nundo hata moja. Zaidi ya hapo, kaa chini kwanza, hesabu bei ya RG-11, na uilinganishe na bei ya kuhamisha parabole. Mara nyingi visi vinne na saa mbili za kazi vinashinda metre 100 za kable.

Fundi akikujia, mwulize kable yako ni metre ngapi mbele ya kumwuliza bei. Akijibu bila kuipima, mpe futi. Kijana mmoja wa kwetu ana desturi nzuri: kila nyumba anayofunga antene, anaandika kwa rangi nyuma ya kabati ya televizyo urefu wa kable, tarehe, na volti alizozipata ku tete siku ile. Nyuma ya miaka miwili, shene zikipotea, anapima tena na kulinganisha. Hana haja ya kubahatisha, na familia hailipi mara tatu.

Tangu mwaka jana kanisa letu lilikuwa linataka televizyo mu salo ya vijana, na watu walitaka kuvuta kable toka ku parabole iliyo ku nyumba ya misioni. Chama cha vijana kilipima kwa kamba siku ya Posho: metre 112, kupita juu ya shamba la mihogo. Bei ya kable peke yake ilipita bei ya parabole mpya ndogo na tete wake. Basi wametafuta mahali nyuma ya salo, upande ambao miti ya maembe haizuii kaskazini, na wamekwisha kuchimba shimo la nguzo. Kable itakayohitajika hapo ni metre 14.